Pumba za Kusafishia Mashine

Jumamosi.

Pakiti ya unga wa uji imeandikwa "Haina ngano" kwa herufi kubwa, lakini tumbo la Neema limevimba wiki nzima. Daktari alishasema mwanangu asiguse ngano hata chembe. Leo nimeenda mwenyewe Mwanjelwa, kwenye mashine wanayosagia ule unga wa ulezi.

"Humu mnasaga na ngano?" nikamuuliza mama mwenye mashine.

"Tunasaga, ila usijali, dada. Kabla ya ulezi tunaisafisha vizuri."

"Mnaisafisha na nini?"

"Tunapitisha pumba za ngano. Zinakomba uchafu wote."

Kasema kwa kujivuna, na mimi hata hasira zikaniishia.

Nimefika nyumbani nikamkuta Neema ameshika kikombe chake, anasubiri uji. Sijui nimpikie nini.