Saini Yangu kwenye Daftari la Bwana Vumbi

Jumanne, adhuhuri

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba mgongo umetulia na sasa unaweza kukaa kitini bila kulalamika, na kwamba wifi na watoto hawajambo. Mwambie wifi kile kitambaa alichonitumia nimeshakishona na kimenikaa vizuri. Sisi huku ni wazima. Shemeji yako anakusalimu sana. Ameanza tena kufuga kuku, na siku hizi anaongea nao kuliko anavyoongea na mimi.

Salamu zimeisha. Sasa kaa vizuri, kwa sababu nina hasira na wewe, na sitaki kuificha.

Barua uliyomwandikia mkurugenzi wetu ilifika. Alhamisi alituita wafanyakazi wote kwenye ukumbi mdogo, akasimama mbele na kutusomea kutoka mwanzo hadi mwisho. Tulisikia jinsi marehemu mama yetu alivyoigiza mchezo wa redio hapa zamani, na jinsi kanda ile, yenye sauti yake pekee iliyokuwa imebaki duniani, ilivyopotea mikononi mwa mtunza kanda wetu. Ulimwita mzembe. Ukurasa wa pili ukamwita mwizi. Kaka, ulikuwa na ushahidi gani?

Huyo mkurugenzi ana miezi sita tu hapa. Ametoka kwenye matangazo ya biashara, na siku ya kwanza tu aliniambia kwamba michezo ya redio ni ya wazee waliokosa televisheni. Anakitaka chumba cha kanda akigeuze studio ya watu kupiga simu na kuchekeshana. Alikuwa anatafuta sababu, wewe ukampelekea mpaka mezani. Hapo hapo akamsimamisha kazi mtunza kanda, mtu aliyebakiza miezi mitatu astaafu, tena akisubiri uchunguzi wa wizi. Kisha akatangaza kwamba kanda zote zitapelekwa jalalani, maana kama hazitunzwi, za nini? Watu wawili watatu wakacheka. Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba.

Unajua nimekaa humu miaka thelathini na moja. Niliingia nikiwa mpiga chapa wa maandishi ya michezo, nikatoka kwenye taipureta nikawa mtayarishaji. Mvua zote ulizosikia redioni kwenu huko ni dengu zangu juu ya ungo. Moto wote ni karatasi ya nailoni niliyoikunjakunja karibu na kipaza sauti mpaka vidole vikaota sugu. Nimeozesha watu, nimezika watu, nimechoma nyumba, yote ndani ya chumba kisicho na dirisha. Kila mkurugenzi mpya alikuja na mkasi wake. Saa nzima ikawa nusu saa, nusu saa ikawa dakika kumi na tano za Jumapili, na kila mara nilipigana nao kama mwendawazimu. Sijajuta. Kazi hii naipenda, na wanaoidharau siwapendi, basi.

Lakini michezo hiyo ipo mpaka leo kwa sababu ya mtu mmoja, huyo uliyemwita mwizi. Sisi tunamwita Bwana Vumbi kwa sababu vumbi ndilo adui yake wa pekee hapa duniani. Kila kanda anaifuta kwa kitambaa chake cheupe. Ukiingia kwake na kikombe cha chai anakutoa nje, hata uwe nani. Waziri mmoja alishawahi kutolewa. Kanda ikirudi kwake anaisikiliza mpaka utepe uishe kabisa, ndipo aiweke rafuni. Na ana daftari lake kubwa. Wakati ule kanda zilikuwa adimu, kwa hiyo mchezo ukishatangazwa, kanda ilifutwa ikarekodiwa mwingine. Ila Bwana Vumbi hakufuta hata moja bila mtayarishaji kuandika “ifutwe” na kutia saini. Ameokoa sauti za mababu na mabibi wasiohesabika zisifutwe, kwa ubishi tu.

Alhamisi hiyo alisimama, akavua funguo shingoni, akaziweka mezani. Hakujitetea. Hakunitazama. Nami nilikuwa safu ya pili, nimekaa kimya kama maji mtungini. Kaka, hasira yangu kwako ni kubwa, lakini nyingine ni kubwa kuliko hiyo, na sasa nitakueleza ni ya nani.

Kanda ya mama niliifuta mimi.

Ulikuwa mchezo wangu wa kwanza kuusimamia peke yangu. Mwigizaji wa sehemu ya mkunga mzee aliugua siku ya kurekodi. Mama alikuwa amekuja kuchukua ufunguo wa nyumba, amekaa mapokezi na mkoba wake magotini. Nikamwingiza studio. Kwa kuwa kusoma kulimpa shida, nilimsomea maneno yake, na kwa nusu saa akawa ameyashika yote. Sentensi kumi na moja. Akasema tisa kwa namna ambayo sijawahi kuipata tena kwa mwigizaji yeyote. Kwenye ya kumi akakohoa.

Nikabonyeza kitufe na kumkaripia kwa spika, mbele ya waigizaji na fundi mitambo. Nilimwambia kwamba hapa si jikoni, kwamba ananipotezea muda, na aende zake nyumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na niliona aibu kuonekana nimemleta mama yangu kazini. Sina sababu nyingine ya kukupa. Wiki iliyofuata mwigizaji alipona, kanda nyingine haikuwepo, nikaandika “ifutwe” na kutia saini. Sauti ya yule mwigizaji ikawekwa juu ya sauti ya mama.

Sikumwambia. Jumapili mama aliwaita majirani, wakakaa kuizunguka redio, na sehemu ya mkunga ilipofika ikatoka sauti ya mwanamke mwingine. Jirani aliyekuwepo ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye. Watu waligeuka kumwangalia mama. Naye akawaambia kwamba redio hubadilisha sauti ya mtu, mitambo ndivyo ilivyo. Hakuwahi kuniuliza. Mpaka anakufa aliwaambia watu wote, pamoja na wewe, kwamba aliwahi kuigiza redioni.

Ulipokuja baada ya mazishi kuitafuta kanda, ningeweza kusema. Nilikuambia ukamuulize Bwana Vumbi, huenda imepotea kwake. Ukamtukana kwenye korido wafanyakazi wakiangalia. Daftari lenye saini yangu lilikuwa chini ya kiwiko chake, na alichokujibu ni kwamba kanda haipo.

Ijumaa nilikwenda nyumbani kwake. Nilimkuta anafuta vioo vya madirisha, kama vile na huko kuna mkurugenzi wa kumkagua. Nilimuuliza kwa nini amekubali kuchafuliwa jina kwa ajili yangu. Alisema daftari lipo kwa anayetaka kulisoma, na wewe hukuomba kulisoma. Alisema pia kwamba alikuwa ananisubiri mimi niseme mwenyewe, ila hakudhani ningechukua muda mrefu hivyo. Kaka, afadhali angenipiga.

Kisha akanipa kibati cha dawa ya kichwa. Ndani kulikuwa na kipande cha utepe. Sehemu ya mkunga ndiyo iliyokuwa ya mwisho, na mchezo tuliourekodi upya ulikuwa mfupi kidogo, kwa hiyo mwishoni mwa kanda palibaki mkia ambao haukufutwa. Aliusikia siku ile ile kanda iliporudi kwake, akaukata, akautunza.

Jana nimempelekea mkurugenzi daftari likiwa wazi kwenye ukurasa wangu, pamoja na barua ya kukiri. Bwana Vumbi amerudishwa kazini leo asubuhi. Mimi ndiye niliyesimamishwa, na nimeambiwa uamuzi juu yangu na juu ya kanda utatolewa na bodi. Barua yako bado imo kwenye faili. Andika nyingine uifute ile, na uiandike kwa hasira ile ile. Halafu panda basi uje umwombe msamaha mzee wa watu. Usitume salamu, njoo mwenyewe. Mimi nitakuwa nimesimama pembeni yako, na ukimaliza naye unaweza kuanza na mimi.

Kibati sikutumii. Ni sekunde tisa tu, utazisikiliza kwake. Kwanza utanisikia mimi, nikifoka. Halafu mama atakohoa kidogo, kisha atasema, “Samahani, mwanangu. Nirudie?” Utepe unaishia hapo, kwa sababu sikumjibu.

Nisalimie wifi, mwambie asiogope, kazi si uhai. Wabusu watoto. Waambie bibi yao aliigiza redioni kweli, sentensi tisa, bila kukosea hata moja.

Ni mimi mdogo wako,
wa redio