Mkia wa Ngozi kwenye Kamba Yangu

Jumatatu, 2 Agosti 1982

Nimenoa msumeno mkubwa tangu alfajiri. Meno yamekaa vizuri. Vidole vyangu pia vipo vyote kumi. Baridi ya Karatu mwezi huu haina adabu.

Kutwa nzima tulikuwa kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani, tukipunguza miti ya kivuli. Mimi juu, Paskali chini. Mwaka wa nne sasa. Kamba ni mbili. Ya kushushia matawi anashika kibarua yeyote. Yangu anashika Paskali. Inapita kwenye panda juu ya kichwa changu, inashuka mpaka kwake, anaizungusha kwenye kisiki na kuiachia kidogo kidogo. Nikiteleza, kati yangu na ardhi yupo Paskali tu. Sijawahi kuliwaza sana hilo.

Mganga wa zahanati ya bondeni, njia ya Endabash, kaja tena na baiskeli yake. Mara ya tatu. Mkaratusi wake ulipasuliwa na upepo mwezi uliopita, sasa umeinamia paa la chumba cha kujifungulia wazazi. Amekipiga kufuli. Nimemwambia wiki ijayo. Meneja wa kahawa anatupa sukari na sabuni, vitu ambavyo dukani vimekuwa hadithi. Mganga anatoa shukrani.

Jumatano, 4 Agosti

Paskali hakuja. Jana jioni aliitwa na mtu wa kwao Kansay, akaondoka bila kuaga. Kazi imesimama. Siwezi kupanda kwa mkono wa mtu nisiyemjua.

Nimeshinda nikifunga mpini wa shoka ambao haukuwa umelegea.

Ijumaa, 6 Agosti

Amerudi. Macho mekundu. Nikauliza kulikoni. "Salama, Fundi." Salamu ya mbali, mkono hakutoa.

Amekuja na shoka lake la kupasulia kuni nyumbani. Nilipompa letu akalikataa. Mchana nikapika makande, sufuria moja kama siku zote. Akasema ameshiba. Kisha akaenda kukaa peke yake nyuma ya mti, akatoa viazi mfukoni, akala. Niliwaza sumu. Halafu nikakumbuka kwamba mpishi ni mimi.

Jioni alisema neno moja tu: twende tukauangushe mkaratusi wa zahanati. Kesho, ikiwezekana.

Miaka minne mtu huyu hajawahi kuwa na haraka na kitu, hata chakula. Ana haraka gani na mti ule? Ndio mti mbaya kuliko yote niliyoahidi mwaka huu. Nimemwambia Jumatatu. Nataka siku mbili za kumtazama.

Jumamosi, 7 Agosti

Asubuhi chai kwa Mama Zaituni. Yeye ni mtu wa Singida, amekuja kama nilivyokuja mimi, na macho yake hayalali.

"Mkenya, mwenzio umemfanyia nini?"

"Sijamfanyia kitu."

"Jana kapita hapa. Nimemwekea kikombe, kakisukuma. Kanywa maji kwenye kopo lake, kama mfungwa. Mimi namjua mtu aliyekwisha kukuuza. Hakuangalii usoni."

"Hata wewe hakukuangalia?"

"Hata mimi. Basi katuuza wote wawili."

Alicheka. Mimi chai ilinishinda.

Nimewaza kutwa. Kwetu ni Limuru. Mpaka umefungwa, karatasi yangu ya ukaazi imekwisha muda wake. Balozi wa nyumba kumi anajua, amenyamaza kwa kuwa nilimkatia mti bure. Neno moja la Paskali linatosha kunihamisha. Na labda hata neno hahitaji. Nikianguka, misumeno, kamba na vyuma vya kukwelea vinabaki kwake. Kazi anaijua. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nimeweka mtego. Kamba yangu nimeikunja mizunguko kumi na nne, nikainyunyizia majivu, nikaifungia bandani. Ufunguo tunao wawili.

Jumapili, 8 Agosti

Watu kanisani, mimi bandani.

Mizunguko ni kumi na nne. Lakini majivu yamepukutika, na ile ncha anayoshika yeye imeongezewa mkia. Ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliosokotwa, urefu wa hatua sita. Kwenye fundo kumebaki vipande vya maganda makavu ya mahindi. Maana yake aliishika kamba kwa maganda ili asiache alama za vidole. Basi ni mhalifu msomi.

Mkia wa nini? Kamba yangu haijapungua. Sehemu pekee inayoweza kuachia ni pale ilipoungwa, na ameiunga yeye.

Nimeitundikia gunia la mawe. Imeshika. Nikaongeza mawe. Imeshika. Ndipo shaka ikazidi. Fundo zuri namna hiyo halifungwi na mtu asiye na nia.

Sikumuuliza. Nikimuuliza atajua kwamba najua. Nimekata kipande kingine cha kamba, nimekishonea ndani ya koti. Kesho nitajishika mwenyewe.

Jumatatu, 9 Agosti

Naandika kwa shida. Mbavu.

Tulifika zahanati saa mbili. Mkaratusi umepasuka kuanzia kwenye panda kushuka chini, unaweza kupitisha kiganja. Kamba yangu tuliipitishia kwenye mkaratusi wa jirani, ulio mzima. Paskali akauzungusha mkia wa ngozi kwenye kisiki. Alishika ngozi tu. Kamba hakuigusa. Nilikuwa namwangalia, naye alikuwa ananiangalia.

Huko juu nikafanya jambo ambalo kibarua akilifanya ninamfukuza. Nikatoa kile kipande ndani ya koti, nikajifunga kiuno pamoja na shina. Shina lililopasuka. Kila mkata miti anajua kwamba likifunguka, kamba inakubana mpaka mbavu zikutane. Nilijua. Lakini nilimwogopa Paskali kuliko mti.

Tawi la tatu lilipoondoka, shina likaachia. Mlio kama bati linachanwa. Kamba ikanibana, pumzi ikakata.

"Umejifunga? Fundi! Kata! Kata, mjinga wewe!"

Miaka minne hajawahi kuniita mjinga. Nikakata kwa panga. Nikaanguka.

Nikaona paa, mbingu, paa. Kamba ikakimbia. Ikasita. Ikasimama. Nikaning'inia juu ya mabati kama nyama buchani.

Nikatazama chini. Fundo lilikuwa zima. Ngozi ndiyo iliyoteleza ikatoka kwenye kisiki. Paskali alikuwa ameirukia kamba yangu kwa mikono mitupu, visigino vimezama ardhini, na viganja vyake vimeacha damu urefu wa mkono mzima.

Alinishusha taratibu. Kisha akarudi nyuma hatua kama kumi.

"Nimeishika kamba yako," akasema. Kama mtu anayekiri wizi.

"Ahsante, ndugu yangu."

"Hapana, Fundi. Hujaelewa. Nimeishika."

Jumanne, 10 Agosti

Mganga ndiye aliyenieleza, baada ya kumfunga viganja.

Jumanne iliyopita jioni mke wa Paskali alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Walimbeba mpaka zahanati. Chumba kina kufuli, mti juu yake. Wakampakia kwenye tela la trekta wampeleke Karatu. Mtoto hakufika.

Sikujua hata kama alikuwa mjamzito. Hakusema. Sikuuliza. Kwake nilifika mara ya mwisho Noeli.

Kwa Wambulu, kabila la Paskali, mtu aliyepatwa na hilo anajitenga, miezi. Wanaita metimani. Haendi kwa watu, hali nao chungu kimoja, hashiki chombo cha mwingine, asije akawapelekea balaa lililomkuta. Hata wanaosali kanisani bado wanalishika hilo. Paskali alipaswa kuwa nyumbani na mkewe. Alitoka kwa ajili ya mti ule mmoja, mama mwingine asije kukuta kufuli. Shoka la nyumbani, kopo, maganda, mkia wa ngozi: vyote vilikuwa vya kunikinga mimi.

Nami nilikuwa nahesabu mizunguko.

Mganga alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa Julai. Nilichagua sukari.

Alhamisi, 12 Agosti

Nusu iliyobaki ya mkaratusi tumeivuta kwa trekta, imelala upande wa shamba. Paskali hakuwepo, nilimkataza. Mganga ametoa kufuli, akafungua dirisha na mlango. Kulinuka vumbi. Amenishukuru. Sikuwa na mahali pa kuziweka shukrani zile.

Nikapita kwa Mama Zaituni. Nikamwambia aweke kikombe chini, nitaokota mwenyewe, na baada ya hapo akitupe.

"Makubwa! Mkenya umeshakuwa Mbulu?"

Nikamweleza. Yote, pamoja na sukari. Akaweka kikombe chini, polepole, na maandazi mawili juu ya jani.

"Pole yake," akasema. "Na mimi mdomo wangu huu."

Mimi siyaamini mambo hayo. Lakini Paskali anaamini kwamba amenitia balaani, na halali usingizi kwa ajili hiyo. Basi nakaa kando. Wiki hii siendi kwa mtu na simpi mtu mkono.

Jumapili, 15 Agosti

Nimetembea mpaka Kansay. Upepo umepungua. Nikasimama nje ya uzio, nikaita. Paskali akatoka, viganja vimefungwa vitambaa.

"Usikaribie, Fundi."

"Uliishika kamba. Mimi nilikuwa upande wa pili."

Akasogea kando mlangoni, nikaingia.

Mkewe alikuwa ameketi ukutani, juani. Nikampa pole. Akaitikia. Sikuweza kumtazama zaidi ya hapo. Paskali sikumwambia kuhusu ule mtego wa majivu. Nadhani anajua. Alikuta majivu, alifunga fundo, akanyamaza.

Paskali akauliza habari za mganga. Nikawaambia kwamba jana alizaliwa mtoto chumbani mle, wa kike, salama. Mkewe aliuliza tu: wa nani? Nikasema sijui. Akatikisa kichwa, akaingia ndani.

Alirudi na sufuria ya makande na vijiko vitatu. Akaiweka katikati. Paskali alishika kijiko kwa ncha za vidole. Hakuna aliyekaa mbali.

Makande hayakuwa na chumvi ya kutosha. Nilikula mpaka yakaisha.

Sukari ya meneja niliyobeba ilibaki mkobani. Sikuitoa.