Lenzi ya Mkono Kwenye Sendofu ya Zuhura

Fundi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kukugombeza kabla ya kukuamkia, nisije nikaonekana sikulelewa. Nimekuja na hasira. Tangu Jumamosi natembea nayo. Nikifua nagombana na ndoo, nikifungua duka nagombana na kufuli, na anayestahili kugombezwa ni wewe, uliyelala zako huko Kintinku na hakuna wa kukuamsha.

Kwanza habari za duka. Lipo palepale Utemini, bango lako sijaligusa. Jirani yetu wa cherehani amehama, pameingia dada wa chipsi, kwa hiyo siku hizi wateja wa picha za pasipoti wanatoka hapa wananukia mafuta. Lile pazia lako lenye maporomoko ya maji nimelitupa. Usinune, panya walikuwa wameshalila nusu. Na hata lingekuwepo, nani angekaa mbele yake? Watu hawataki tena kukalishwa kwenye kiti na kuambiwa wainue kidevu. Wanataka niwapeleke kwenye mashamba ya alizeti yakichanua, wakimbie katikati ya maua huku wanacheka, halafu picha zote ziwe kali. Upepo wa Singida unaujua. Maua yanayumba, mtu anakimbia, na mimi nimeinama nazungusha lenzi yako kama mzee anayetafuta stesheni kwenye redio. Nikishaipata sura, mwenye sura yuko mbele huko anauliza, dada, umepiga?

Lenzi zako zote tatu ninazo. Nzito, za chuma, za kuzungusha kwa vidole mpaka sura ikae sawa. Nazifuta kila asubuhi kwa kitambaa kile kile. Wenzangu wote mjini wameshahamia kwenye otofokasi. Unabonyeza kidogo tu, lenzi inatafuta jicho la mtu yenyewe na kuling'ang'ania hata akicheza. Wewe ulikuwa unaziita lenzi za wavivu. Ulinifanya niamini hivyo, mimi na ubishi wangu wote wa Kinyiramba. Miaka yote ile nilikuwa nikiona mpiga picha mwenye otofokasi namtazama kama mtu aliyeibia mtihani.

Sisemi lenzi zako ni mbaya, ngoja tuelewane. Siku moja ya mnada Ikungi nilimpiga picha bibi mmoja muuza kuku, amekaa kwenye kivuli cha turubai, ametulia. Nilizungusha taratibu mpaka mikunjo ya macho yake ikaja. Picha ile ilinitoa machozi. Ngozi imetoka kama ngozi, nyuma yake kila kitu kimeyeyuka vizuri, na kuku mmoja amechungulia kwapani. Ningekuwa na wateja wote wametulia kama yule bibi, tusingekuwa na ugomvi mimi na wewe.

Lakini Jumamosi tulikuwa tunamuaga Zuhura kwa sendofu yake kabla ya harusi. Binti yako, Fundi.

Mwenzangu mmoja wa mjini alikuwa ameniazima otofokasi yake. Ilikuwa ndani ya begi, nimeshaijaribu, inafanya kazi kama maji. Nikiwa mlangoni mwa ukumbi nikaona shangazi zake Zuhura wameshuka kwenye gari kutoka Kintinku, na neno la kwanza mkubwa wao aliloniambia baada ya kuitikia salamu ni kuniuliza kama nimekuja na lenzi ya kaka yake. Ningesemaje? Nikafunga begi. Nikaona hata aibu kwamba nilitaka kumpiga mtoto wako kwa kitu ulichokidharau. Nikatoa ile ya mkono, na nikatoa utepe mweupe wa gundi, nikabandika mstari sakafuni mbele ya meza ya bibi harusi, kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Mstari wako huo. Mtaa mzima waliujua. Mwenye zawadi akija anacheza, akifika kwenye gundi anasimama, anatulia, wewe umeshapima umbali wako zamani, unabonyeza, anaendelea na ngoma yake. Kwa sababu ya mstari huo ulionekana mchawi. Mimi nilidhani hata siku hizi mstari utafanya kazi.

MC wa siku hizi hajui mstari. Yeye anataka watu waingie kwa fujo, muziki juu, taa za zambarau zinazunguka. Shangazi wa kwanza akafika kwenye gundi akasimama wima na blanketi lake kichwani, kwa heshima zote, anasubiri. Nyuma yake msafara mzima wa shangazi na vijana ukamgonga. Sinia la vyombo likaenda upande wake, MC anapiga kelele sogeeni mbele mama zangu, shangazi hasogei, anasema mpaka apigwe. Nikampiga. Nashukuru Mungu, ile moja ilitoka. Alipoondoka, gundi ikaondoka naye chini ya kiatu.

Sasa sikia vituko. Shangazi wa pili hakuona mstari sakafuni. Akautafuta, akauona kwenye kiatu cha dada yake ambaye anacheza kuelekea kwenye spika. Akamfuata. Na wa tatu akamfuata wa pili. Wakajipanga pale kwenye spika, wametulia kama wako studio, wananingoja mimi, na bibi harusi amebaki mezani peke yake anashangaa zawadi zake zinakwenda wapi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ungekuwepo ungecheka kuliko wote. Mimi sikucheka. Nilikuwa nakimbia huku na huku nazungusha, mara karibu, mara mbali, jasho linaingia kwenye jicho, na katikati ya purukushani hiyo Mama Zuhura akainuka.

Hakutangazwa. Aliinuka tu, akamwendea mwanae na kitenge ambacho wewe ulimnunulia Zuhura alipomaliza kidato cha nne, akamfunika mabegani, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Wote wawili wakalia. Ilikuwa ndiyo picha, Fundi. Shughuli nzima ilikuwa imefanywa kwa ajili ya picha hiyo. Nikageuka, nikazungusha, nikapiga, nikapiga tena. Nilipotazama kwenye kamera, kilichokaa sawa ni maua ya plastiki ya mezani. Unaweza kuhesabu majani yake. Mama na mwanae ni ukungu.

Otofokasi ilikuwa kwenye begi, miguuni kwangu.

Jumapili Zuhura alizitazama zote dukani. Alipofika kwenye ile ya kitenge akaniambia, "Dada Neema, baba na lenzi yake wameniharibia hata hii." Halafu akaomba radhi kwa kusema hivyo, na hilo la kuomba radhi ndilo liliniuma zaidi. Kwa sababu alisema kweli.

Jioni nikaenda kwa Mama Zuhura. Nilimkuta uani anachambua mchele wa wageni waliobaki, nikakaa chini nikasaidia, nikaanza kujieleza. Nilimwambia nilishindwa, nilimwambia mikono yangu siyo yako, nilimwambia nimekuangusha. Aliniacha nimalize. Wala hakunitazama, vidole vyake vinaendelea na mchele. Kisha akasema:

"Baba Zuhura aliitaka hiyo lenzi ya kujifokasi. Alikuwa haoni, Neema. Jicho la kulia lilikwisha kabisa, la kushoto lilibaki kidogo. Tulishakubaliana inunuliwe. Halafu akasema nikiileta dukani leo, yule binti hatashika tena ya mkono, ngoja kwanza aive. Basi akakungoja."

Nilibaki na punje za mchele kiganjani.

Akaniambia pia kwamba ulimkataza asiniambie. Kwa hiyo uliponiambia, wewe zungusha, mimi nitawapanga watu, haikuwa somo tu. Nilipokuletea kamera nikakuuliza imetoka, Fundi, ukaikaribisha usoni ukasema imetoka, ulikuwa huoni kitu. Zile harusi zako za mwisho zilizotoka na ukungu, wateja wakanyamaza kwa kukuheshimu, na mimi nikawaambia lenzi imezeeka, kumbe ni macho yako. Na dawa yake ulikuwa unaijua, ulishaipigia hesabu, ukaiacha. Kwa ajili yangu.

Nani alikuomba? Nakuuliza kweli, nani alikuomba? Ningejifunza zote mbili. Mimi siyo mjinga hivyo. Ningezungusha ya mkono asubuhi na kutumia nyingine jioni, na wewe ungekaa pembeni na kitu cha kukusaidia, ungepiga picha zako za mwisho zikatoka kali, watu wakakusifia kama zamani. Badala yake ulimaliza kazi yako kwenye ukungu ili mimi nishike chuma hiki vizuri. Na nimekishika vizuri, naam, na bado picha ya mkeo na mwanao imenipita. Yaani hasara yako na hasara yangu zote ni za kitu kimoja, ubishi, na tuliuita ufundi.

Nikarudi nyumbani nikalia mpaka nikakasirika tena.

Basi sikia nilivyoamua, na huna nafasi ya kubisha. Otofokasi nanunua, ya kwangu mwenyewe, kabla ya msimu wa harusi kuanza. Mstari sibandiki tena ukumbini. Zako haziuzwi. Nitazitumia kwa watu waliotulia na wenye muda, na kwa mtu yeyote atakayetaka kukaa na kutazamwa taratibu. Nimemwomba Zuhura aje na mama yake kabla hajaondoka kwenda kwa mumewe, wakae dukani na kitenge kile. Amekubali. Haitakuwa ile ya Jumamosi, wote tunajua, lakini watakuja.

Na ahadi yangu kwako ni hii. Siku macho yangu yatakapoanza kuniacha, nitasema. Nitasema siku hiyo hiyo, dukani, mbele ya watu, na nitachukua chochote kitakachonisaidia kuona. Sitamfanya mtu anayenipenda aje kuambiwa habari hizo na mwingine wakati mimi nimeshafukiwa.

Pumzika, Fundi. Nimekukasirikia, na sijawahi kukukumbuka hivi.

Mwanafunzi wako,
Neema