Uliniuliza Kama Ninamjua

Mama,

Kaburi lako limeanza kuota nyasi. Dada Wakesho amepanda maua upande wa kichwa, na yule kuku wako mwekundu bado anataga chini ya kitanda chako. Dada hataki afukuzwe. Hayo ndiyo mazuri. Lililobaki sijamwambia mtu.

Unakumbuka siku nilipokupeleka Mwatate na pikapu yangu ya mboga? Tuliwapita trafiki, na kila gari lililotujia nikaliwashia taa mara mbili, lijue askari wako mbele. Ukaniuliza, "Huyo unayemwonya, unamjua?" Nikacheka. Nikakuambia ndivyo madereva tunavyosaidiana.

Asubuhi uliyotutoka nilikuwa natoka Voi. Trafiki walikuwa barabarani wakikagua breki za malori. Mbele kidogo nikakutana na lori la mchanga, nikaliwashia taa. Dereva akanipungia mkono. Kwenye kioo nikamwona akikata kona kuingia njia ya vumbi, ile ya nyuma ya Kaloleni, nami nikafurahi. Mama, nilifurahi.

Njia ile uliichagua wewe mwenyewe kwa kuogopa malori ya kwenye lami. Ulikuwa unaenda kufagia kanisa lori lile lilipokugonga.

Wiki iliyopita yule dereva aliiambia korti kwamba alijua breki zake ni mbovu, ndiyo maana aliwakwepa askari. Akasema kuna pikapu ilimwonya. Hakimu akauliza ni ya nani. Hakuna aliyejua. Nilikuwa benchi la mbele nimemshika Wakesho mkono.

Sasa mkono wangu unakataa kugusa swichi ya taa. Juzi giza lilinikuta njiani, nikaegesha pembeni, nikalia mpaka Wakesho akaja kunichukua na bodaboda. Na gari likiniwashia taa mchana, naona leso yako kwenye vumbi.

Naogopa. Wakesho akijua, huenda asinifungulie mlango tena. Lakini kesi inarudi Jumatatu, na nitasimama niseme pikapu ilikuwa yangu. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Pumzika, Mama. Uliniuliza kama ninamjua ninayemwonya. Sasa namjua, hata mama yake namjua. Mama huyo huketi nyuma yetu kila siku ya kesi, na hutusalimia.

Mwanao,
Mwakio