Madirisha ya Nyumba ya Kuku

Ngagara, Bujumbura, 2 Machi 1969

Baba mpendwa,
Mimi mzima, sijui wewe na mama na baridi ya Kabare. Baba, vifaranga sitini vimefika! Nyumba nzima ni kelele. Nimefuata neno lako: madirisha nimeziba kwa magunia, chini nimetandaza pumba za mpunga. Jirani yangu Salvator huja kuvitazama kila asubuhi, na binti yake Caritas pia. Huyo binti, Baba, ndiye ninayetaka uje kuniposea mwezi wa sita.
Mwanao, Anselme

Kabare, 15 Machi

Mwanangu,
Sisi hatujambo, na furaha juu. Nitakuja kuposa! Ziba hata nyufa. Kuku wa kwetu hulala ndani na watu, karibu na moto, upepo hawaujui.
Baba yako

Ngagara, 29 Machi

Baba,
Natumaini hamjambo. Mimi afya ninayo, moyo sina. Mvua ilivuja, pumba zikalowa. Vifaranga ishirini na vitatu vimekufa. Vinanyoosha shingo, vinaachama, vinatafuta pumzi. Nifanye nini?
Mwanao

Kabare, 10 Aprili

Mwanangu,
Habari sikuulizi. Mtu anayechungulia vifaranga vya mwenzake kila asubuhi anatafuta nini? Ni jicho baya la Salvator. Kwake siendi kuposa. Achana na binti.
Baba yako

Ngagara, 4 Mei

Baba,
Salamu kwako na kwa mama. Nimekawia kwa hasira, sasa naandika kwa furaha! Nilikutii, nikamfukuza Salvator. Kesho yake Caritas akaingia kwa kuku, akatoka anakohoa: "We Anselme, mule hamuna hewa! Ata mutu angekufa." Tukampelekea daktari wa wanyama kifaranga kilichokufa. Alikipasua mbele yetu: mapafu yamejaa vipunje vyeupe kama mtama. Kuvu, Baba! Imeota kwenye pumba mbichi, mahali pasipo hewa, vifaranga vikaivuta. Dawa yake hakuna, ni kufungua na kukausha tu. Tulirarua magunia yote. Na pumba kavu nani alileta? Salvator, yule yule niliyemfukuza. Kabla ya hapo vilikufa vingine sita, lakini wiki mbili sasa hakijafa hata kimoja. Vimebaki thelathini na kimoja, vimeota manyoya! Huku ni joto, Baba, si Kabare. Tulimkosea mzee wa watu. Caritas bado namtaka.
Mwanao

Kabare, 25 Mei

Mwanangu,
Mwili mzima, ila aibu inaniuma. Barua yako nilimsomea mama yako, akacheka mpaka akakaa chini. Nafika Jumamosi, tarehe saba. Usinipeleke kwako kwanza, nipeleke kwa Salvator. Nitaomba msamaha nikiwa nimesimama. Akinipa kiti, ndipo nitaomba binti.
Baba yako