Picha ya Mama, Kabla Wali Haujapoa

Gunsan,
siku ya tatu baada ya sikukuu ya mavuno, Chuseok

Kwa dada yangu mpendwa Geum-sil,

Shikamoo, dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Sokcho, na goti la shemeji limetulia kabla baridi haijaanza kushuka kutoka milimani. Mjukuu ameshaota meno? Mwambie bibi yake mdogo anamwekea dagaa laini wa kuanzia. Sisi huku hatujambo. Mimi ni mzima kupita kiasi, mpaka Mama Pyo, yule muuza mwani wa kibanda cha jirani, ameniuliza kama nimepata mchumba uzeeni. Nimemjibu kwamba nimempata, ana rangi kumi na mbili na hanung'uniki.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, na habari hii haitaki kukatizwa. Basi keti, mimina chai, na nakuomba usiruke mistari kutafuta mwisho. Nakujua.

Dada, ninajifunza kuchora! Mimi, Geum-ran, muuza vitoweo, ambaye shuleni mwalimu alinitoa mstari wa mbele kwa sababu maua yangu yalimkera! Tangu majira ya kuchipua, kila Jumatano mchana nafunga kibanda na kwenda ukumbi wa mtaa. Tunatumia rangi za akriliki, zile zinazokaa kwenye mirija kama dawa ya meno, unazilainisha kwa maji tu. Mwalimu wetu, Bang Se-rin, ni msichana ambaye ningeweza kumzaa, lakini akinikemea naitikia kama mtoto wa darasa la kwanza. Siku ya kwanza alituwekea tofaa mezani. Nilichora kwa bidii zangu zote, ulimi nje, halafu mzee Gu anayekaa upande wangu wa kushoto akaja kunipongeza kwa kuchora kiatu kizuri.

Nilitaka kuacha siku ileile. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, nikainama.

Rangi hii ina tabia moja mbaya: inakauka upesi mno. Siku ya pili mteja alinipigia simu kuagiza figili, tukavutana bei kidogo tu, niliporudi brashi imekuwa ngumu kama kijiti cha kulia wali. Siku nyingine nilikuwa natafuta rangi ya anga, nikachanganya, nikaonja kwa macho kama ninavyoonja mchuzi, nikaongeza, nikaonja, na nilipoipata anga yenyewe ilikuwa imegandia kwenye sahani. Mwalimu alicheka, akasema rangi haisubiri mtu kujishauri. Halafu akasema jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: kwamba ubaya huohuo ndio uzuri wake, kwa sababu ukikosea unangoja kidogo tu, unapaka juu ya kosa, na hakuna atakayejua.

Sasa, mimi nimelelewa na mama yuleyule aliyekulea wewe, kutupa kilichobaki siwezi. Rangi zilizosalia nilizifungia kwenye vikopo vyangu vya vitoweo, kitambaa chenye maji juu yake, nikavipanga ndani ya friji ya kimchi, kati ya kabichi zilizochachushwa. Zinakaa mbichi wiki nzima! Mwalimu Bang mwenyewe ameiga. Lakini siku za mwizi ni arobaini. Mwezi wa sita kaka yetu alipita kwangu kuchukua vitoweo vyake, akasikia njaa, akajifungulia friji kama kawaida yake. Mimi niko chooni. Nasikia kelele. Natoka, namkuta amesimama na tango mkononi, meno mekundu yote, anatema kwenye sinki. Alidhani ni pilipili iliyochachushwa, akachovya tango kwenye rangi yangu nyekundu.

Nikamsukutua, nikampigia mfamasia aliyesema anywe maji na aache udokozi, kisha ikabidi niseme kweli. Kaka akanitazama kwa yale meno yake mekundu, akasema, "Wenzako umri huu wanapaka nywele rangi, wewe unapaka vitambaa!" Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Yeye hakucheka.

Najua nikimtaja kaka unageuza uso. Vumilia, maana barua yote inaelekea huko. Sijasahau siku ile ulipofika na chupa zako kuchota mchuzi wa soya wa mama, ukakuta uwanja mtupu, naye ameshaigawa mitungi yote ya mchuzi kwa mwenye mgahawa aipange bustanini, kwa sababu anahamia ghorofani. Ulimwita mwizi, ukaondoka hata maji hujanywa. Miaka minne sasa kila Chuseok napika na wifi, na kila Chuseok kaka anauliza sahani ziko ngapi, kama anayetafuta yako.

Sasa nikwambie kwa nini sikuacha kuchora. Ni ile picha ya mama. Wewe na mimi tumeichukia tangu siku ya mazishi: picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka imepauka, mama amekaza midomo kama aliyekamatwa na kuku wa watu. Ndiyo tunayoiweka mezani pa wafu kila Chuseok na kuiinamia. Mwanamke aliyekuwa akifunua mtungi, akionja mchuzi kwa kidole, na ukiwa umekubali anacheka mtaa mzima unasikia! Sikutaka watoto wa kaka wakue wakidhani nyanya yao alikuwa mtu wa kununa. Nikaapa kwamba Chuseok hii mama atakaa mezani akicheka.

Majira yote ya joto nilimchora. Mitungi ilikuja yenyewe, maana mitungi naijua. Paji la uso likaja, pua ikaja. Mdomo, dada, ulinitoa jasho. Mmoja ulikuwa wa kambare. Mwingine ulikuwa wa mwenyekiti wa mtaa, nikaufuta kwa woga. Tatizo ni kwamba katika picha tuliyonayo mama amefunga mdomo, na mimi nikifumba macho nasikia kicheko chake lakini sikioni. Nililia mbele ya kanvasi. Mwalimu Bang akanishauri nitafute mtu anayecheka kama yeye. Nikatafuta, nikapata, na mdomo ukaja siku moja tu, mchana kweupe. Nilimpigia Mama Pyo aje aone. Alipoona alisema, "Huyu mtu mbona nasikia anacheka?"

Hapo ndipo ninapokuja kwenye kosa langu.

Asubuhi ya Chuseok wifi ndiye aliyekuwa msiri wangu. Tulipanga meza yote, supu ya magimbi, mapea, samaki, songpyeon, vile vikeki vya mchele vya mvuke, wali wa mchele mpya. Kaka alipokuwa anavaa koti lake la sherehe, nikaiondoa picha ya kitambulisho na kuweka yangu. Akaja, akapiga magoti, akawasha ubani, akainua macho.

Sijawahi kumwona mtu akigeuka rangi vile. Alisema jina lako. Alilisema mara mbili, polepole. Kisha akageuka kwangu akapaza sauti, "Amekufa lini? Geum-sil amekufa lini? Mbona mmenificha?"

Nilitaka kujibu, akanitangulia. Alikuwa ameshakaa chini, analia, dada. Kaka yetu analia kwa sauti, na koti lake la sherehe, mbele ya wanawe. Anasema aliniambia mimi nikupigie simu mwaka jana, kisha akanikataza, sasa wewe umekwenda na yeye hajakwambia neno.

Sasa umeelewa nilikompata mtu wa kumwiga. Nilimwomba mwanao Seong-u ile video ya siku shemeji alipoangusha keki, ambapo unacheka kwanza ndipo unakumbuka kuziba mdomo. Nilikuchora wewe nikidhani namchora mama. Nikakuweka mezani pa wafu, ukiwa hai na goti la mumeo unalikanda, na tukakuchomea ubani. Nisamehe! Wifi alitawanya chumvi mlangoni kufukuza mkosi kabla hata hajanisuta, na anasema anayeliliwa akiwa hai huongezewa miaka, basi wewe utatuzika sote.

Alipovuta pumzi nilimwambia kaka kwamba u mzima, kwamba juzi tu umelalamika kuhusu bei ya kabichi. Kisha akasimama, akajifuta kwa mkono wa koti, na badala ya kunipiga akafoka, "Basi mtoe huko! Rekebisha! Mfanye awe mama kabla wali haujapoa!"

Nilikimbia, dada! Nimeinua sketi ya sikukuu mpaka magotini, navuka barabara ya soko, nafungua friji ya kimchi, nanyakua vikopo, narudi. Tuliweka kanvasi sakafuni. Na kaka, yule aliyenikejeli, akachuchumaa begani pangu akaanza kuamuru. Nywele ziwe na mvi zaidi, pale upande. Macho yashuke kidogo. Shavu litoe nyama. Kisha akagusa nyusi yake ya kushoto, akasema pale mama alikuwa na kovu. Mimi nilijua alianguka, ndivyo alivyotwambia. Kaka akasema hapana, ni yeye alipokuwa mdogo, alipanda kwenye mitungi akaangusha kifuniko, kikampata mama, na mama hakumsema kwa baba mpaka anakufa. Nikaliweka lile kovu kwa ncha ya brashi. Wifi analikausha kwa draya ya nywele, mimi napaka, yeye anakausha. Upesi ule nilioulaani tangu siku ya kwanza ndio ulioniokoa.

Na mama akaja, dada. Tulimwona wote.

Nilipopeleka brashi mdomoni kaka akanishika mkono. Akasema, "Hapo usiguse. Huo ni wa mama mwenyewe. Aliuachia Geum-sil." Tukainama, wali bado unatoa mvuke.

Mwisho wa mwezi wa kumi wanafunzi wa ukumbi tutaonyesha kazi zetu, siku ya Jumamosi. Mzee Gu ataleta meli zake, mimi nitamleta mama. Kaka amesema ataibeba picha yeye mwenyewe, na ole wake atakayeigusa. Nimeshaanza nyingine, ya shemeji na keki, usimwambie.

Nisalimie shemeji, Seong-u na mkewe, na umbusu mjukuu mashavu yote mawili. Mama Pyo anakusalimu, anasema sasa anakujua kicheko bila kukuona. Ukipata nafasi nijibu hata mistari miwili, na kama umenikasirikia, nikasirikie ukiwa njiani kuja.

Ni mimi mdogo wako,
Geum-ran

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, kaka akapita, nikamwambia namwandikia nani. Akasimama mlangoni akikuna kichwa. Anasema niongeze hivi: mtungi mmoja mdogo hakuugawa. Uko rohani mwake miaka yote hii, na pia uko kwenye roshani, nyuma ya mashine ya kufulia, na mchuzi wa mama umo, anaufunua kila siku ya jua na kuufunika mvua ikija. Alitaka kukwambia siku ile, lakini ulimwita mwizi kabla hajafungua mdomo, naye akaudhika. Anasema uje na chupa.