Jembe Hewani, Jua la Saa Kumi

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimepata kazi! Mzee Shigela, kiongozi wa kikundi cha bugobogobo, ngoma ya majembe, anataka picha za wachezaji wake kwenye mashindano. Wameshindwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka huu ndio wa mwisho kwake, anasema magoti yamegoma.

Leo mazoezi, ukumbini Mirongo. Taa mbili za tyubu, ukuta wa kijani — kila mtu katoka kama mgonjwa wa malaria. Majembe yote yametoka ukungu. Nikajaribu flashi. Rozina, yule anayerusha jembe juu kuliko wote, akapepesa macho, jembe likamponyoka. Flashi basi!

Alhamisi, 12 Juni

Ufukweni, asubuhi. Ziwa linang'aa, kamera inadhani mwanga ni tele, nyuso zinatoka nyeusi tii. Nikapima mwanga usoni badala ya majini. Afadhali!

Jembe bado linanishinda. Nikiliona juu, nimeshachelewa. Rozina kanicheka weee! Eti niache kukodoa macho, nisikilize: kabla ya kurusha, mpiga ngoma huacha pigo moja. Nikabonyeza palepale penye kimya. Jembe hewani, limetulia, hadi udongo wa kwenye ncha unaonekana! Nimerukaruka mwenyewe pale mchangani.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeharibu.

Sisi Wasukuma mashindano yetu ni hivi: vikundi viwili uwanja mmoja, vinacheza kwa pamoja, mtazamaji anakwenda anakopenda. Mwenye watu wengi kashinda. Hakuna jaji mwingine.

Saa kumi kivuli cha godauni lililo kando ya uwanja kikafunika upande wetu. Kwa wapinzani, jua linapenya kwenye vumbi, miguu inang'aa — nikavuka. Dakika tano tu! Kugeuka, watu nao wamevuka. Wameona kamera inakimbia, wakajua huko kuna jambo. Kwa Mzee Shigela wamebaki akina mama watano na mbuzi.

Jamani. Nimewaangusha mimi. Rozina kapita bila salamu. Mzee kasema tu kesho kuna marudiano, nisichelewe.

Jumapili, 15 Juni

Mapumziko. Naandikia gotini, uwanjani.

Leo nimeganda upande wetu tangu saa nane. Kivuli kimeshafika. Picha? Takataka tupu! Mara nyingine nabonyeza bila hata kutazama, nainama, nachuchumaa, najifanya nimeona maajabu. Na watu wanamiminika! Rozina kanikonyeza. Tunashinda, kabisa.

Kisha Mzee akaja akichechemea. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba kuona picha. Akazitazama moja moja. Akauliza nimezipiga ili iweje. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka.

Akanirudishia kamera.

"Mwanangu, nilikuita upige picha. Sikukuita uniletee watu. Nenda kwenye jua."

Nikamwambia, lakini baba, watanifuata.

"Watakaobaki ndio wetu. Hata wakiwa watano."

Amerudi mstarini, kashika jembe lake. Magoti yanamtetemeka, naona hata kutoka hapa. Ng'ambo jua limelala vizuri kuliko jana. Rozina ananikazia macho, anatikisa kichwa — usiende.

Mpiga ngoma kanyanyua vijiti. Nimesimama. Watu wote wa upande wetu wananitazama mimi. Nafunga daftari, nashika kamera.